Dakika Kumi na Nane za Asistan Mwaba

Tulimzika Asistan Mwaba siku ya Jumamosi. Nilikuwa mmoja wa wanaume sita waliobeba jeneza kutoka garini mpaka kaburini, na wanne kati yetu tulikuwa tumecheza kwenye timu yake. Baadaye tulirudi nyumbani kwake katika mtaa wa Manika, tukakaa chini ya turubai la bluu, tukapewa bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Binti yake mkubwa akavuta kiti karibu yetu. Waliokuwa wamejaa uani alikuwa anawajua wote: watu wa kanisa, majirani, wapimaji ardhi aliofanya nao kazi miaka ya mwisho. Sisi hakutujua. "Samahani, batata," alisema, akimaanisha baba zangu, "mulikuwa banafunzi bake?" Ngoie, aliyekuwa kapteni wetu, mwenye mwili wa kabati mpaka leo, akamjibu: "Banafunzi, na tena ekipe yake. Ekipe ya mupira wa yai." Msichana akatabasamu kama mtu anayeelezwa habari za baba wa mwingine. "Papa? Papa alichezaka mupira?" Ngoie aliweka tonge chini. Alinitazama mimi. Nikasema, "Alicheza," kisha nikainamia sahani yangu. Jibu lile lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa fupi mno, na kwa kuwa sikuweza kulirefusha mbele ya watu wenye msiba, nalirefusha hapa.

Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ufundi wa migodi hapa Kolwezi. "Asistan" kilikuwa cheo chake chuoni, na wengi wetu hatukuwahi kulijua jina lake la ubatizo. Alitufundisha topografia, yaani kupima ardhi na kuichora. Siku moja, mwishoni mwa somo la mistari ya mwinuko, alitoa kwenye mfuko wake mpira uliochongoka pande mbili, akauweka mezani, ukabingirika, ukaanguka, ukaruka upande ambao hakuna aliyeutarajia. Tukacheka. Alisema huo ni mpira wa raga, kwamba alikulia Chingola, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, ambako watu wa migodini huucheza Jumamosi, na kwamba alikuwa kwenye klabu ya kule kwa miaka sita. "Mwenye kutaka, akuye leo saa kumi nyuma ya atelie," alisema, yaani nyuma ya karakana. Tulikwenda watu tisa. Saba kati yetu tulidhani itaongeza alama za mtihani; wengine walijiunga baadaye, mpaka tukafika kumi na sita.

Uwanja ule alikuwa ameupima mwenyewe kwa darubini ya chuo. Mistari yake ilikuwa imenyooka kuliko kitu chochote hapo chuoni, na hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa sawa. Ardhi ilikuwa nyekundu na ngumu, na kila siku kabla ya mazoezi tulitembea kwa mstari, bega kwa bega, tukiokota mawe. Milingoti ya goli ilikuwa mabomba ya mashine za zamani za kutobolea miamba. Mbele yetu kulikuwa na kilima cha mabaki ya mgodi, na wakati wa kiangazi upepo ulileta vumbi lake la kijivu likatulia kwenye ulimi na ladha kama ya sarafu. Fulana tulinunua mitumba, za kijani kwa kadiri tulivyozipata, na namba zikapakwa kwa rangi ya ukutani. Katika nchi yote ile, kutoka Kolwezi mpaka mpakani, kulikuwa na timu nne tu za mchezo huo: sisi, moja ya Likasi, mbili za Lubumbashi. Tulicheza na watu walewale tena na tena mpaka tukajua nani ana mke, nani ana meno ya bandia. Vijana waliocheza soka kwenye timu za makampuni walipewa viatu, mchele, na wakifunga magoli ya kutosha, kiti ofisini. Sisi chuo hakikutupa kitu. Karo tulilipa kama wengine wote, na tusipolipa walinzi walikuwa wakitufukuza mtihanini kama wengine wote.

Nilipanga chumba Manika pamoja na Kapend, mchezaji mwenzangu. Kapend alikuwa ametoka Musumba, safari ya siku nyingi kwa baiskeli na lori, na alikuwa na mbio ambazo Asistan alizitazama mara ya kwanza mikono kichwani. Mwenye nyumba alikuwa Mama Beya, mama wa Kikasai aliyeuza maharagi na samaki wakavu sokoni. Kuta za nyumba yake hazikufika kwenye bati, kwa hiyo maneno yote ya sebuleni yalipita juu na kutuangukia kitandani. Jioni alizungumza na dada yake, na mara nyingi mazungumzo yalikuwa sisi. "Bale batoto banapigana mpaka damu," alisema. "Juu ya nini?" dada yake akauliza. "Juu ya yai ya mupira." "Na banabapa nini?" "Hawabapake kitu. Hata sabuni." Kisha dada akasema: "Pengine bana mapepo." Lakini siku tuliporudi tukichechemea, Mama Beya alituwekea maharagi mengi zaidi, na kama kulikuwa na mboga ya lengalenga alituwekea pia, akatutazama tukila. Nilimuuliza Kapend siku moja kwa nini yeye anacheza. Alifikiri mpaka nikadhani amelala. "Kule kwetu mutu akikimbia, banauliza nani anamufukuza," alisema. "Hapa nakimbia, hakuna mwenye kuuliza."

Mimi nilicheza kwa sababu nilikuwa mzuri, au nilidhani hivyo, na sikuwahi kuwa mzuri kwa jambo lolote kabla ya hapo. Kufikia mwezi wa nne nilikuwa miongoni mwa wachezaji watano wa kwanza ambao Asistan aliwataja bila kutazama karatasi. Kisha karo ya muhula wa mwisho ikafika. Kama wanafunzi wengi wakati ule, nilikwenda kuchimba na kuosha mawe ya shaba, mwanzo Jumamosi tu, halafu katikati ya juma. Nilikosa mazoezi siku tano mfululizo. Niliporudi nilimweleza Asistan. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakukasirika. "Najua karo," alisema. "Mi pia nililipaka karo. Lakini Kazadi, hapa hakuna wa kulipwa. Kitu tuko nacho ni kimoja tu: kuya pa saa. Tukikiachilia, hatuna ekipe, tuko batu ba kupita njia." Basi kwa kutofika kwa wakati akaniweka wa kumi na sita. Wachezaji ni kumi na tano.

Hilo lisingeniuma sana kama si barua iliyofika juma lilelile kutoka Chingola. Klabu yake ya zamani ilitualika tucheze nao mechi moja. Nauli tulichangishana, na chuo kikatupa karatasi yenye muhuri, iliyotusaidia mpakani. Tulisafiri mpaka Lubumbashi juu ya lori la chupa tupu za bia, siku mbili, chupa zikilia chini yetu kwenye kila shimo. Tulilala kwenye darasa la shule ya msingi, vichwa chini ya madawati. Asubuhi tulipanda basi dogo hadi Kasumbalesa, tukavuka kwa miguu, tukapanda lingine. Njia nzima Asistan alizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia. Alituonyesha miti, maduka, kona. Na tulipofika uwanjani sote tulisimama, kwa sababu kulikuwa na majani. Majani mabichi, yaliyomwagiliwa maji, kutoka mstari huu hadi ule. Kapend aliinama akayagusa kwa kiganja. "Baliruhusu kukanyaga?" aliuliza.

Kando ya uwanja kulikuwa na nyumba ya klabu yenye baa na picha za timu zimejaa ukutani. Wenzangu walianza kumtafuta Asistan katika picha zile. Nami nilitumwa nyuma, jikoni, kujaza vidumu vya maji. Mlangoni walikaa wazee wawili na chupa zao wakizungumza Kibemba. Hawakujua kwamba nilikulia Sakania kwa mjomba wangu na kwamba Kibemba nakisikia kama Kiswahili. "Yule ndiye Mwaba?" mmoja alisema. "Mwaba wa benchi?" "Ndiye. Miaka sita, na jezi yake ilikuwa safi kuliko zote." Walicheka. Kisha yule wa kwanza akasema: "Lakini alikuwa anakuja. Hata siku za mvua, anakuja." Maneno haya ya mwisho nayakumbuka sasa vizuri sana. Siku ile niliyapita kama mtu anayepita kibao cha njiani. Nilichobeba kutoka pale pamoja na maji ni yale mengine: kwamba mtu aliyenikalisha benchi kwa kukosa siku tano hakuwahi kuingia uwanjani hata siku moja.

Niseme kwa haki kwamba hakuwahi kutudanganya. Alisema alikuwa kwenye klabu miaka sita. Hayo mengine tuliyaongeza sisi.

Mechi ilikuwa kama inavyoweza kudhaniwa. Watu wa Chingola walikuwa wakubwa, walikuwa wanajua, na walikimbia juu ya majani kama watu waliozaliwa juu yake, wakati sisi tulikuwa tukiteleza. Kipindi cha kwanza kilipokwisha tulikuwa na sifuri, wao thelathini na tatu. Kapend alikuwa ameshika bega lake la kulia kwa mkono wa kushoto. Tulikaa kwenye mduara, tukapewa machungwa yaliyokatwa. Asistan alisimama katikati na kipande mkononi. "Munaogopa," alisema, bila kupiga kelele. "Mutu anakuya, munafunga macho. Mukifunga macho munaumia zaidi."

"Na weye?" nikasema. "Ulifungaka macho miaka sita pa benchi?"

Ngoie aligeuka. "Kazadi, unasema nini?"

"Nasema kile nimesikia. Uliza bale bazee ba pa mulango. Miaka sita hakuchezaka hata dakika moja. Anatufundisha kitu hajafanyaka."

Watu kumi na tano walimtazama. Nilitaka akane, ili nimshinde. Alitazama kile kipande cha chungwa, akakila, akatia maganda mfukoni mwa suruali. "Ni bya kweli," alisema. "Miaka sita. Nilikuwa nakuya, navaa, nakaa. Hakuna siku baliniita." Kisha akamgeukia Kapend. "Bega iko namna gani?" Kapend alijaribu kuinua mkono, haukupita kiuno. "Basi pumzika. Kazadi, ingia pa nafasi yake."

Aliyasema hayo kwa sauti ileile aliyotumia darasani kumwambia mtu asogeze meza. Niliingia. Kwa muda nilicheza vizuri, hasira ina nguvu zake. Halafu mwenzetu mmoja wa jiolojia alikanyagwa kifundo cha mguu, akatolewa akiwa amebebwa, na tulikuwa hatuna mtu mwingine. Mwamuzi alimwuliza Ngoie kama tutaendelea watu kumi na wanne. Ngoie alisimama pale, jasho na udongo vikimtiririka, akatazama benchi ambako Asistan alikuwa amekaa peke yake karibu na Kapend. Akaita kwa nguvu zake zote: "Asistan! Ingia!"

Alikuwa amepita miaka arobaini. Alikuwa amevaa suruali ya kitambaa na viatu vya ngozi. Alinyanyuka polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha ni yeye aliyeitwa. Alivua shati akalikunja, akaliweka juu ya mfuko wake. Alivaa fulana ya yule aliyeumia na viatu vyake, vilivyokuwa vikubwa, akakunja suruali mpaka magotini. Mwamuzi alitazama saa yake, akanyanyua mabega, akapuliza filimbi. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na nane.

Mara ya kwanza waliyomgonga alianguka chali, na sote tulidhani amekwisha. Akainuka. Mdomo wa chini ulikuwa unatoka damu. Mara ya pili, jitu moja la Chingola lilitoka na mpira moja kwa moja kumwelekea, na Asistan hakufunga macho. Alipiga goti, akaweka bega kwenye mapaja ya mtu huyo, akafunga mikono kama alivyokuwa akituonyesha miezi yote ile, na lile jitu likaanguka kama mti. Wazee wawili wa mlangoni walisimama. Mmoja alipiga makofi juu ya kichwa. Sijui kama Asistan aliwaona.

Kisha likaja lile ninalotaka kuliandika bila mapambo. Zilikuwa zimebaki dakika chache. Ngoie aliupokonya mpira, akanipa, na mbele yangu kulikuwa na uwazi. Nilikimbia. Mstari wa goli ulikuwa hatua kumi na tano mbele, na kati yangu na mstari kulikuwa na mtu mmoja tu. Upande wangu wa kushoto, nyuma kidogo, mahali hasa panapotakiwa, kwa kuwa katika raga mpira haurushwi mbele, alikuwa anakuja Asistan Mwaba. Hakuna aliyekuwa karibu naye. "Kazadi! Kushoto!" aliita. Kumrushia mtu wa kushoto ndilo somo la kwanza tulilofundishwa. Hata watoto wa Lubumbashi walilijua. Nilimwona. Sitaki mtu aseme kwamba jua lilinipiga machoni, au kwamba sikusikia. Niligeuza kichwa, nikamwona vizuri, mikono yake miwili imetangulia mbele, vidole wazi. Nikaubana mpira kifuani. Yule mtu wa Chingola aliniangusha hatua tano kutoka mstarini, mpira ukanitoka, wakauchukua. Filimbi ya mwisho ilipulizwa tukiwa hatuna hata alama moja. Asistan alikuja kunipa mkono anisimamishe, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Njiani hakuna aliyelizungumzia. Alikaa nasi nyuma ya lori, mdomo umevimba, akatugawia mkate kwa kuumega vipande vilivyo sawa, na mimi nilipata kipande changu. Tulipofika chumbani Manika, Kapend alijilaza upande wa bega zima. "Ulimuona," alisema.

"Nilimuona."

"Basi." Akageukia ukuta.

Watu huniuliza mwaka ule ulinifundisha nini, kwa sababu nikilewa kidogo huwa nautaja. Timu ile ilidumu mwaka mmoja zaidi, halafu ikafa kwa kukosa watu, kama nyingi. Kapend siku hizi anapima barabara, Ngoie anauza saruji. Mimi nimefanya kazi katika makampuni matatu, nimelipwa vizuri katika mawili, na kote huko nilipokosa kwenda kazini walitafuta mtu mwingine, jambo ambalo ni sawa, ndivyo kazi ilivyo. Nayasema haya bila malalamiko. Nayasema ili ieleweke kwa nini siku ninayoikumbuka zaidi ya zote si ile ya Chingola, bali ile iliyoifuata baada ya majuma matatu.

Katika majuma hayo matatu sikukanyaga uwanjani, wala darasa la topografia. Niliwaambia watu nachimba. Nusu yake ilikuwa kweli. Alasiri moja nilikuwa nimelala chumbani, Kapend ameenda hospitali kutazamwa bega, nikasikia hodi uani, na sauti ya Mama Beya ikikaribisha, na kiti kikiburutwa. Nikasikia maji yakimiminwa, mtu akinawa. Alikuwa Asistan, amekuja kwa miguu kutoka chuoni. Nilijua kwa sababu aliomba maji ya kunywa mara mbili.

"Kula kwanza, Tata," Mama Beya alisema. "Njo we bwana wa ule mupira?"

"Njo mi," akajibu, yaani ndiye yeye.

"Banakupaka nini?"

"Hawanipake kitu, Mama."

"Na chuo?"

"Chuo inanipaka mushahara ya kufundisha, siku inapatikana. Ya mupira hapana."

Mama Beya alivuta kiti chake. Nilisikia Asistan akila, bila haraka, kama mtu mwenye njaa anayeheshimu chakula. "Sasa umetembea na jua yote hii kutafuta nini?" Mama Beya aliuliza.

"Natafuta Kazadi."

"Amekosa nini?"

Niliketi kitandani. Ukuta ule haukufika kwenye bati, na Asistan alijua, kwa sababu alikuwa mpimaji na kazi yake ilikuwa kuona vitu kama hivyo. Angeweza kusema chochote.

"Hajakosa kitu," Asistan alisema. "Kapend anaumwa bega. Likasi banakuya Jumamosi, na tuko kumi na bane."

Nilitoka nje. Alikuwa na tonge mkononi, mdomo wake ulikuwa umepona, ukaacha alama ndogo nyeupe. "Karibu tukule," aliniambia, kama vile mimi ndiye mgeni. Nilikaa chini. Nilisema, "Asistan, ile siku ya Chingola, ule mupira..."

"Ile siku ulikosea," alisema. "Pasi ya kushoto haujaijua vizuri. Ya kuume unaijua, ya kushoto hapana. Kesho saa kumi tutaifanya."

Mama Beya alitutazama sote wawili, akachukua sahani, akaenda kuongeza maharagi.

Kesho yake nilifika saa tisa na nusu. Yeye alikuwa ameshafika, anaokota mawe. Tuliokota pamoja mpaka wenzetu wakaja, kisha akawapa Ngoie na wengine kazi ya kusukumana, akanichukua kando. Alisimama kushoto kwangu, nyuma kidogo, hatua nne. Tulikimbia urefu wa uwanja kwenda na kurudi, nami namrushia, anaudaka, ananirudishia. "Tena," alisema. Tulifanya hivyo saa nzima, katika vumbi lile, na hakuna hata mara moja aliyouangusha.